Mwache Ainuke Mwenyewe

Wewe uliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa, redio umeipunguza sauti ili asisumbuke, karibu sana. Mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Tunazungumzia kiharusi. Ile siku yenyewe ya kupatwa naigusa kwa ufupi tu: ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno hayatoki sawasawa, usingoje kupambazuke na usingoje shangazi afike. Mpeleke hospitali muda huohuo. Ninachotaka tukizungumze kwa kirefu ni siku zinazofuata. Mgonjwa ameruhusiwa, amerudi nyumbani. Majirani wamekuja kumpa pole, wamekwenda zao. Nyumba imetulia, na swali limebaki pale sebuleni: huyu mtu atatembea tena? Mkono huu utashika kikombe tena?

Kwa wengi uwezo hurudi, kwa kiasi kinachotofautiana mtu na mtu. Na kuna jambo moja nakuomba ulishike, nitalirudia mpaka tumalize kipindi: nguvu hurudi mgonjwa anapofanya mwenyewe, na anaporudia mara nyingi. Kufanya mwenyewe. Kurudia mara nyingi.

Kwa nini iwe hivyo? Kiharusi hutokea ama mshipa wa damu kichwani umezibwa na damu iliyoganda, ama mshipa umepasuka. Sehemu ya ubongo ikikosa damu, hufa. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na wa kulia unaendesha kushoto. Ndiyo maana mtu hupooza upande mmoja. Mguu wenyewe haukuumia. Mfupa ni mzima, msuli ni mzima. Kilichokatika ni amri iliyokuwa ikitoka juu.

Sasa, seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Lakini zilizobaki hai zinaweza kujifunza kazi ya wenzao. Umewahi kuona daraja lililosombwa na mafuriko? Siku ya pili watu wanatafuta pa kuvukia huko juu mtoni, siku chache baadaye majani yamelala, mwezi ukiisha pana njia kamili, na njia ile imechongwa na miguu ya wapitaji. Ubongo nao hujifungulia njia mpya kwa kupitwapitwa, yaani kila mgonjwa anapojaribu tendo lilelile tena na tena. Akifanyiwa kila kitu, nani atapita pale?

Hebu tuchukue mfano. Tuseme ni mama wa miaka hamsini na kitu, anauza vitumbua asubuhi kule Temeke. Kiharusi kimempata, upande wa kulia hauna nguvu. Ana watoto wanaompenda. Wamegawana zamu: huyu anamlisha, yule anamwogesha, mwingine anamvalisha. Akitaka kuinuka, wawili wanamshika kwapani, moja, mbili, tatu, juu! Akitaka kugeuka kitandani, anageuzwa. Jioni anaitwa mtu wa kuchua, anampaka mafuta ya nazi, anamkanda mguu nusu saa nzima. Usiku unaingia kila mmoja amechoka, kila mmoja ametimiza wajibu wake. Nikuulize, msikilizaji: tangu asubuhi, mguu ule wa kulia umebeba uzito wa mama yule mara ngapi?

Hata mara moja.

Siwalaumu watoto hao. Kwetu kumhudumia mzazi ni heshima. Kumwona mama yako anahangaika na kifungo kimoja cha blauzi dakika kumi, nawe umekaa unatazama, kunauma. Na jirani akiingia ghafla atafikiri nini? Lakini dakika zile kumi ndizo dawa yenyewe. Kaa karibu naye. Hakikisha haanguki. Akikwama, msaidie pale tu alipokwama, kisha mwachie amalizie mwenyewe. Kumpenda mgonjwa wa kiharusi kunahitaji uvumilivu wa aina hii, na nakiri ni mgumu kuliko kumbeba.

Na kuchua je? Kuchua kwa upole kunampa mtu faraja, anajisikia kuguswa, anajua hajatupwa. Sikatazi. Ila mkono wa mchuaji unafanya kazi na ubongo wa mgonjwa umepumzika. Mkishamchua, dakika zinazofuata ziwe za yeye kufanya.

Tuje kwenye kurudia. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Amerika ya Kaskazini ambamo watu walikaa katika vituo vya mazoezi wakahesabu kila tendo ambalo wagonjwa wa kiharusi walilifanya. Katika kikao kimoja, mkono ulifanya tendo lenye manufaa, kama kushika kitu na kukisogeza, mara 32 kwa wastani. Thelathini na mbili tu. Ilhali majaribio ya maabara yaliyoonyesha ubongo wa mnyama ukijipanga upya yalidai mamia ya marudio kwa siku. Hao ni wagonjwa waliokuwa na mtaalamu mbele yao! Basi mazoezi ya kliniki peke yake, hata yangekuwa mazuri namna gani, hayatoshi. Mengi yanapaswa kufanyika nyumbani, siku za kawaida, mgonjwa akiwa na vitu vyake.

Ndiyo maana leo nimechagua zoezi moja nilieleze polepole, kwa sababu laiti ningeruhusiwa kumwachia mgonjwa zoezi moja tu, ningemwachia hili: kuinuka kitini na kukaa.

Tafuta kiti kigumu chenye mgongo, kisicho na magurudumu. Kisukumie ukutani kisiteleze. Kama mgonjwa bado ni dhaifu, kiongeze kimo kwa blanketi lililokunjwa likakaza, kwa sababu kiti kirefu ni rahisi kuinukia kuliko kifupi. Mgonjwa asogee mbele kidogo, asiegemee. Nyayo zote mbili zikae sakafuni, visigino vivutwe nyuma kidogo ya magoti. Sasa ainamishe kifua mbele. Hapa ndipo wengi hukosea, wanajaribu kuinuka wakiwa wamenyooka kama wanavutwa kwa kamba kutoka darini, halafu wanarudi chini kwa kishindo. Kifua kiende mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume kwa miguu yote miwili, asimame, atulie. Kisha ashuke. Na kushuka kuwe polepole kuliko kupanda, asijidondoshe, maana kule kujizuia kunajenga paja kweli kweli.

Msaidizi asimame upande ule dhaifu, mbele kidogo, mikono ikiwa tayari. Asimvute mkono. Narudia, asimvute mkono. Nitaeleza sababu baadaye.

Mgonjwa ni mjanja bila kukusudia: ataweka uzito wote kwenye mguu mzima. Ukitazama utaona mwili wake umeinamia upande mmoja. Basi mwambie asogeze mguu mzima mbele kidogo, ule dhaifu ubaki nyuma. Ukikaa hivyo, mguu wa nyuma ndio unaobeba zaidi. Jaribu wewe mwenyewe hapo ulipo, utausikia.

Aanze na mara tano, apumzike, arudie tena mchana, arudie jioni. Wiki zinavyokwenda muongezee idadi na mpunguze blanketi. Zoezi hilohilo linatia nguvu mapaja na makalio, linafundisha mizani, na ni tendo analolihitaji kila siku ili aende chooni bila kuita mtu. Nani asiyetaka kwenda chooni bila kuita mtu?

Wapo wanaoogopa kwamba mazoezi ya nguvu yatazidisha ule ukakamavu wa misuli, mkono ule unaojikunja, mguu unaokaza. Hofu hiyo ni ya zamani, hata wataalamu waliwahi kuwa nayo. Tafiti zilipokusanywa pamoja, hazikuonyesha kwamba kutia misuli nguvu kunaongeza kukakamaa.

Sasa nataka tusogee kwenye jambo ambalo linanigusa sana. Picha nyingi za mazoezi ya kiharusi zimechorwa kwa watu wanaoishi juu ya viti. Kitanda kirefu, meza, choo cha kukalia. Lakini je, mama yule wa vitumbua anaishi hivyo? Anakaa kwenye kigoda mbele ya jiko. Anakula mkekani na wajukuu, sinia katikati. Anakuna nazi amekalia mbuzi. Choo chake ni cha kuchuchumaa. Anaswali, anataka kurukuu na kusujudu. Sheria ya dini imempa ruhusa ya kuswali amekaa kitini, hilo analijua, lakini ukimuuliza anatamani nini atakwambia anatamani paji la uso wake liguse mswala. Basi hilo ndilo lengo la mazoezi yake! Mtaalamu akiuliza, "Mama, unataka uweze nini?" asijibu "kupona" peke yake. Aseme: nataka nishuke mkekani na niinuke.

Na kuinuka kutoka chini kunafundishika. Mgonjwa anageukia upande mzima, anajisukuma kwa mkono mzima, anapiga magoti, anaegemea kigoda au kiti kilichotulia, anaweka unyayo wa mguu mzima mbele, kisha anajisukuma juu. Mara za kwanza lifanyike na mtaalamu, si jambo la kujaribisha peke yenu usiku. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi seremala wa mtaani anaweza kuwatengenezea kiti chenye tundu kikakaa juu ya shimo, na fundi wa kuchomelea akawawekea bomba la kushikilia ukutani. Halafu mgonjwa aendelee kufanya mazoezi ya kuchuchumaa taratibu kadiri mguu unavyoruhusu.

Mizani nayo, yaani ule uwezo wa kusimama bila kuyumba, inafunzwa vivyo hivyo. Msimamishe kwenye kona ya chumba, kuta mbili nyuma yake, kiti mbele yake cha kushika. Akiyumba nyuma, kuta zipo. Akiyumba mbele, kiti kipo. Hapo ahamishe uzito kutoka mguu huu kwenda huu, ageuze kichwa, apunguze kushika, mkono wote uwe vidole vitatu, vidole vitatu viwe kimoja. Akishaimarika, mpe nguo za kuanika. Kamba ya nguo ni chuo kikubwa: anainama kwenye beseni, anainuka, ananyoosha mkono juu, anageuka kuchukua kibanio. Mtu amesimama karibu yake, lakini kazi ni yake. Kupanda kizingiti, kupanda ngazi moja na kushuka, kutembea huku anazungumza nawe. Usicheke hilo la kuzungumza. Wengine hutembea vizuri wakiwa kimya, ukiwauliza jambo wanasimama au wanapepesuka, na barabarani pale kituo cha daladala hakuna atakayenyamaza kwa ajili yao.

Kabla hajaanza kuzunguka nyumbani, ondoeni mikeka inayoteleza njiani, waya, ndoo, kandambili zilizolegea. Kuanguka kunavunja nyonga, na kunavunja pia ule ujasiri aliokwisha kuupata.

Nirudi kwenye mkono, kama nilivyoahidi. Bega la upande uliopooza limelegea. Misuli iliyokuwa ikilishikilia haifanyi kazi, na mfupa unaweza kushuka kutoka mahali pake. Mkono ukivutwa, ukining'inia siku nzima, ukiinuliwa kwa nguvu juu ya kichwa, bega huumia, na maumivu hayo hudumu miezi. Kwa hiyo: akikaa, mkono upumzike juu ya mto au meza. Akilala, uwekewe mto. Akivaa, mkono dhaifu utangulie kuingia kwenye nguo. Na kumwinua kwa kwapa, tuache.

Mkono wenye uhai kidogo upewe kazi. Kukunja khanga. Kuchambua maharage, kwanza kwa kuyasukuma mezani, baadaye kwa kuyaokota. Kubana kitunguu wakati mkono mzima unakata. Ipo njia moja iliyochunguzwa sana, na matokeo yake makubwa yalichapishwa Marekani mwaka 2006: mgonjwa anavikwa glavu nene kwenye mkono mzima muda mwingi wa siku, kwa majuma mawili, ili alazimike kuutumia ule dhaifu, pamoja na mazoezi makali ya kila siku. Mikono ilifanya vizuri zaidi, na baada ya mwaka manufaa yalikuwa bado yapo. Lakini walikuwa watu ambao tayari waliweza kukunjua kiganja na vidole kidogo. Kama mkono hausogei kabisa, kumfunga ule mzima ni kumtesa bure.

Najua wapo mnaowaza: haya yote ni ya kimaskini, wenye uwezo wana mashine. Nisikilizeni basi. Mwaka 2011 Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 408. Wengine walifunzwa kutembea juu ya mashine ya kukimbilia huku wamening'inizwa kwa mikanda ya kupunguza uzito, mashine ya gharama kubwa. Wengine walifanyiwa mazoezi ya nguvu na mizani nyumbani kwao, wakiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Mwaka ulipoisha, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamepanda daraja katika kutembea, na mashine haikuwashinda wale wa nyumbani.

Nimesema wakiongozwa na mtaalamu. Nimelisema kwa makusudi. Kule India, mwaka 2017, ulichapishwa utafiti ambamo ndugu wa wagonjwa walipewa mafunzo mafupi kisha wakaachiwa kazi ya mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti na wale wasiofunzwa. Tafiti hizi mbili nikiziweka pamoja, naona hivi: mashine tunaweza kuikosa tukaendelea, mtaalamu hatuwezi. Familia inafanya kazi kubwa, lakini inahitaji mtu wa kurudi kutazama, kusahihisha, kuongeza ugumu, kusema hili sasa liache, fanya lile. Na wataalamu hao kwetu ni wachache, wamejazana mijini. Wanafunzwa hapahapa, KCMC kule Moshi ni mojawapo ya mahali hapo. Lakini mtu wa kijiji cha mbali anasafiri siku nzima kumwona mmoja, mara moja, halafu basi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 kesi za kiharusi zilihesabiwa Dar es Salaam na wilayani Hai, na kiwango cha Dar kilizidi cha nchi nyingi tajiri. Ugonjwa wenye uzito huo hauwezi kuachiwa mapenzi ya familia peke yake. Huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, zinapaswa kufika kwenye vituo vya afya karibu na watu, na wahusika wanaonisikiliza jioni hii naomba wanisikie.

Na kuharakisha mazoezi je? Utafiti mkubwa wa mwaka 2015 uliwainua wagonjwa ndani ya saa 24 za kwanza, mara nyingi na kwa muda mrefu, ukakuta wamepona vibaya kuliko walioinuliwa kwa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo zile siku za mwanzo hospitalini, fuateni ratiba ya daktari. Baada ya hapo, kidogokidogo mara nyingi.

Mazoezi yasimamishwe mara moja akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, kichwa kinachouma ghafla, au pumzi ikimkatika. Na dawa za presha ziendelee hata akianza kutembea. Mazoezi hayachukui nafasi ya vidonge. Kiharusi cha pili huja kwa wengi walioviacha.

Uchovu pia ni wa kweli. Huo uchovu baada ya kiharusi si uvivu, msimwite mvivu. Mpangieni mazoezi saa ambazo ana nguvu, wengi ni asubuhi. Na akilia ovyo, akikataa kula, akisema ni heri angekufa, huo ni ugonjwa unaotibika, mwambieni daktari. Wanaume wengi huona haya kuonekana na bakora mtaani. Mzee wangu, ichukue bakora, toka nje. Wakuone.

Swali la mwisho, najua lipo kwenye simu zenu: kwetu mwaka umepita, tumechelewa? Miezi ya kwanza ndiyo yenye kasi, hilo ni kweli. Ila katika utafiti ule wa watu 408, lilikuwepo kundi lililoanza mazoezi yake ya kutembea miezi sita baada ya kiharusi, na mwaka ulipotimia walikuwa sawa na walioanza mapema. Kama mgonjwa wako amekaa muda mrefu bila mazoezi, kesho nendeni mkaonane na mtaalamu wa fiziotherapia. Msiende mikono mitupu: andikeni kwenye daftari anaweza kuinuka kitini mara ngapi bila kushikwa, na anatembea kutoka wapi hadi wapi. Mwombeni awape mazoezi matatu, mlifanye kila moja mbele yake kabla ya kuondoka, na awaambie tarehe ya kurudi.